Mkono Tuliouacha Shimoni

Kama leo umekanyaga msumari, acha kusoma. Osha kidonda kwa sabuni na maji mengi, kisha nenda zahanati ukachomwe sindano. Habari yangu haitakimbia, ukirudi utaikuta.

Mimi ni fundi wa kuchimba vyoo na matangi ya maji huku Newala. Huku juu maji yako mbali na kila nyumba inataka tangi lake la kukingia mvua, kwa hiyo kwa miaka ishirini mikono yangu haijakosa kazi. Udongo wetu mwekundu naufahamu. Naujua ukiwa umetulia na naujua ukitaka kushuka. Kazi hiyo nilimfundisha mlamu wangu Rashidi, mdogo wake mke wangu, Mama Asha. Tulichimba pamoja miaka minne. Siku moja akashuka shimoni amelewa uraka, pombe yetu ya mabibo, nikampandisha na kumpiga kwa mpini wa sululu mbele ya watu. Alipasuka juu ya jicho. Hakunirudishia. Aliweka koleo lake chini, akaondoka kwenda kwenye machimbo ya dhahabu porini, mbele ya Lukuledi. Mwaka mzima hatukujuliana hali. Mama mkwe wangu, kila nilipomwamkia, aliitikia akiangalia pembeni.

Korosho zilikuwa zimeanza kudondoka simu ilipopigwa. Mama Asha alisikiliza, akaketi chini palepale kwenye mabibo.

"Shimo limeanguka," akasema. "Rashidi yumo ndani."

Nilichukua wenzangu wawili wa kazi, tukapanda pikipiki. Tulifika jioni. Duara lile, maana ndivyo wanavyoliita shimo la dhahabu, lilikwenda chini kama mita ishirini, kisha likakata kwenda ubavuni. Matimba, yaani magogo na mbao za kuzuia kuta, yalikuwa yamevunjika na kifusi kimejaa hadi nusu. Watu watatu walikuwa chini. Mwenye duara alikuwa ameleta mtambo wa kuchimbua, ule wenye kijiko kikubwa, na dereva alikuwa ameshauwasha.

Nililala kifudifudi nikaweka sikio kwenye mpira wa kupelekea hewa chini. Nikasikia kitu kikigonga. Mara tatu, kimya, mara tatu.

"Zima!" nikapiga kelele. "Kuna mtu anagonga! Mtambo huu ukitikisa ardhi unawamaliza!"

Dereva alimtazama mwenye duara, mwenye duara akampungia mkono aendelee. Hapo mama mmoja, mwanawe akiwa chini, alirusha jiwe likapasua kioo cha mtambo. Walinzi wakaingia na fimbo. Mmoja alinichapa mgongoni hadi nikapiga magoti, mwenzangu akamjibu kwa bapa la koleo usoni, na nilisikia mfupa ukivunjika. Watu walimvuta mwenye duara kutoka garini mwake wakampiga kwa mawe, kwa viatu, kwa chochote, mpaka akakimbilia porini damu ikimtoka masikioni. Sijivunii. Lakini mtambo ulizimwa, na kulipokuwa kimya sote tulisikia. Mara tatu, kimya, mara tatu.

Hatua kumi na mbili kutoka pale kulikuwa na shimo la zamani lililoachwa. Niliamua tushukie humo, tukate njia ya ubavuni. Wachimbaji wa pale walikuwa jasiri kuliko sisi, ila walizoea mwamba. Udongo ulikuwa wangu. Tulichimba kwa zamu siku mbili, tukiweka mbao kila baada ya urefu wa mkono. Siku ya pili udongo ulishuka ukanifunika hadi kifuani. Nilikuwa nasikia mbavu zangu zikibanwa pole pole, kama mtu anayekamua nguo. Walinivuta kwa kamba, na ngozi ya makalio na mapaja ikabaki huko.

Asubuhi ya tatu sululu ilitoboa. Wa kwanza tuliyemkuta alikuwa amekufa, na alikuwa ameziba njia, ikabidi tumvute kwa nguvu ambayo maiti haistahili kuvutwa. Wa pili alitambaa mwenyewe. Alinikaba shingo kwa hofu, akaning'ang'ania, nikampiga ngumi ya taya ndipo akaniachia. Wa tatu alikuwa Rashidi. Mkono wake wa kulia, chini ya kiwiko, ulikuwa umelaliwa na jiwe kubwa kama kitanda. Ulikuwa umeshakufa. Ulinuka.

Juu ya shimo alikuwepo tabibu kutoka kituo cha afya. Ujumbe ulipanda na kushuka kwa midomo ya watu. Jiwe halisogei. Dari linadondoka. Tabibu akateremsha mpira wa baiskeli na maneno machache: "Mfunge juu ya kiwiko, kaza kabisa, kata chini yake."

Nilikuwa na msumeno wa kukatia matimba.

Nilimfunga. Kisha nikakaa. Udongo ulikuwa ukitudondokea shingoni kama mtu anayepepeta unga.

"Shemeji," Rashidi akasema, na hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kusikia sauti yake kwa mwaka mzima. "Ule mpini ulinipiga nao bila kusita. Leo mbona unasita?"

Nikakata. Alinitia meno begani akayaacha humo mpaka mwisho. Nyama ni upesi. Mfupa ndio unaochukua muda, na msumeno wa mbao hunasa, inabidi uurudishe nyuma uanze tena. Sitaeleza zaidi. Ulipoachia nilimkumbatia kutoka nyuma nikaanza kurudi naye kinyumenyume, na kisigino changu cha kushoto kikatua juu ya ubao wenye msumari. Uliingia wote. Dari lilikuwa linakuja. Niling'oa mguu, kandambili ikabaki pale imepigiliwa, tukatoka, na nyuma yetu njia yote ikajifunga.

Juu, tabibu alimpakia Rashidi kwenye gari. Akatuambia, "Wote wenye vidonda, nendeni mkachomwe sindano." Gari lilikuwa limejaa. Nikasema kesho. Tena wakati huohuo mama mkwe wangu, aliyekuwa amefika alfajiri ile, alikuwa amesogea, ameona mkono wa shati la mwanawe ukining'inia mtupu.

"Nani kamkata?"

"Mimi, Mama."

Alinitazama kwanza mikono, kisha uso. "Ulikuja kumalizia," akasema, akanitemea mate miguuni.

Kidonda cha msumari nilikimwagia gongo nyumbani, nikakifunga kitambaa. Kilikuwa kitundu kidogo tu. Bega lililotafunwa ndilo lililoniuma. Siku ya tisa, nikila ugali wa muhogo, taya likagoma. Sikuwa na maumivu, ila halikufunguka zaidi ya upana wa kidole. Nilidhani ni jino. Jioni shingo ikakakamaa, na Mama Asha akaniuliza kwa nini namchekea. Nilikuwa sicheki. Uso wangu ulikuwa umejivuta wenyewe, meno nje.

Kesho yake, mtoto alidondosha kikombe cha bati. Mlio ule ulinipita kama shoti ya umeme. Mgongo ulijikunja kinyume, kisogo na visigino ndivyo vilivyogusa mkeka, tumbo likawa gumu kama ubao, nikauma ulimi hadi damu ikachirizika hadi sikioni. Sikuweza kuvuta pumzi. Mkunjo ulipoachia nilivuta hewa mara moja, mara mbili, mbuzi akalia nje, ukarudi tena.

Wewe unayemuuguza mtu wa namna hii, tafadhali jua jambo moja: akili yake ni nzima. Anasikia kila neno. Mimi nilisikia yote.

Nilimsikia mjomba wa mke wangu, ambaye kwao ndiye mwenye neno, akisema mlangoni: "Mkono ulioachwa chini haukuzikwa. Umemshika taya."

Na mama mkwe wangu akajibu: "Umshike tu."

"Mama!" Mke wangu alilia.

"Umshike nani mwingine, Mama Asha? Alimpasua uso, akarudi akamkata mkono. Damu ya mwanangu ina mwenyewe."

Ikaamuliwa ichezwe ngoma mkono uniachie. Mke wangu alipinga, akatolewa nje na shangazi zake. Nilifungwa kwa kamba ili nisijirushe, wakachoma majani kando ya kichwa changu, wakaleta ngoma mbili. Ukimtoa mama mkwe wangu, hakuna mtu pale aliyenitakia mabaya, hata mjomba. Lakini kila pigo la ngoma lilinivunja. Sisemi kwa mfano: kuna pigo moja ambalo nilisikia kitu kikilia ka! katikati ya mgongo, na baadaye hospitali walikuta pingili imevunjika. Mtu mmoja alijaribu kunifungua kinywa kwa mwiko ili ninyweshwe dawa. Mwiko haukuvunjika. Yalivunjika meno mawili ya mbele.

Katikati ya hayo ngoma zilikatika. Nikasikia sauti.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Wewe si uko hospitali?"

Nilisikia ngoma ikipasuliwa kwa teke, kisha ya pili ikibiringika hadi uani. Rashidi alikuwa amesimama juu yangu, kigutu chake kimefungwa bendeji nyeupe, jasho likimtiririka. Mama Asha alikuwa amempigia simu wodini, akamweleza ninavyokunjika, naye alishuka kitandani akapanda pikipiki bila ruhusa.

"Nilipofika hospitali, kabla hata ya kuniosha, walinichoma sindano," akasema. "Sindano ya pepopunda. Nikauliza pepopunda ni nini, wakaniambia. Taya, shingo, mgongo, na kelele kidogo tu humkunja mtu. Dada, huyu alichomwa?"

"Hakuchomwa," mke wangu alijibu kutoka nje.

"Basi mnamuua kwa kelele."

"Rashidi," mjomba akasema, "mtu huyu amekukata mkono."

"Mimi ndiye niliyemwambia akate. Alikuwa anaogopa. Nikamchokoza." Akageuka, na nadhani alikuwa anamtazama mama yake. "Mkono ule ulikuwa umeoza, Mama. Angeuacha, ningeoza nao."

Mtu alianza kunifungua kamba, na kwa harufu ya mafuta ya nazi nilijua ni mke wangu.

Tulipata pikapu iliyokuwa ikipeleka magunia ya korosho mnadani. Walinilaza juu ya magunia, Mama Asha akaniziba masikio kwa vipande vya khanga, akanifunika uso, akanilalia ili nisirushwe. Barabara ya kuteremka kutoka kwetu mnaijua. Kila shimo lilinikunja. Mara mbili niliacha kupumua, na mara zote mbili alinipiga ngumi za kifua akiniita jina langu la utotoni, ambalo sikujua kama analijua.

Hospitali tulikalishwa kwenye benchi la mapokezi, yaani yeye aliketi nami nililala chini. Mlango wa chuma ulikuwa unafunguliwa na kufungwa, bam, bam. Rashidi alikwenda akasimama pale, akaweka kigutu chake kati ya mlango na fremu ili usigonge. Alikaa hivyo hadi nilipoitwa. Bendeji yake ilikuwa imelowa damu.

Waliniweka chumba cha mwisho, madirisha yamefunikwa mablanketi. Wiki za kwanza nazijua vipande vipande. Nilitobolewa koo, nikapumulia bomba. Nilipitishiwa uji puani. Nilichomwa sindano zisizo na hesabu, za usingizi na za kulegeza mwili, na kisigino kilichanwa kikakwanguliwa hadi karibu na mfupa. Ndani walitoa kipande cha mpira wa kandambili. Muuguzi mmoja, Sista Tekla, mwanamke mnene wa Chiwata, alikuwa akivua viatu kila alipoingia. Hakuna aliyemwambia. Ni nyayo zake tupu tu zilizotembea kwenye sakafu ile ya saruji, na mpaka leo nikimsikia mtu akitembea bila viatu napata amani.

Mama Asha aliishi kwenye benchi la korido. Aliwaomba mama wenye watoto wachanga wakakae upande wa pili, mmoja akamtukana, kesho yake mama huyohuyo akamletea chai. Nyumbani korosho zetu ziliokotwa na nani, hatukuuliza.

Kisha mvua za kwanza zikaja. Sisi wakulima husubiri mlio ule wa bati kama harusi. Usiku ule na mchana uliofuata mvua ilinipiga kupitia bati kama marungu, nikakunjika mpaka nikajikojolea, mpaka wakaniongezea dawa nikazama. Nilipozinduka, mtu alikuwa ameshika mguu wangu wa kushoto. Sikuweza kugeuza shingo. Nilihisi kitambaa cha maji ya vuguvugu kikipita katikati ya vidole, kimoja kimoja, polepole sana. Nilidhani ni Sista Tekla.

"Baba Asha," sauti ikanong'ona. "Ni mimi, mama yako."

Mama mkwe wangu alikuwa amekuja na viatu mkononi. Kwetu si kawaida mkwe kumgusa mkwewe hivyo. Alimaliza kuuosha mguu, akaufunga bendeji, akabaki ameshika kisigino. Sikuweza kumwamkia kwa ajili ya bomba la kooni. Nilipepesa macho tu. Hakuniomba msamaha, nami sikumwomba. Aliniambia muhogo umeota vizuri.

Nilitoka wakati mahindi yana urefu wa goti. Mapaja yangu yalikuwa kama ya kuku, ngozi inaning'inia, nilitembea nikishika kuta. Watu walisema nimepona. Usiwaamini wanaosema hivyo mapema. Miezi mitatu mingine misuli iliruka yenyewe, na mkali sikuwa mimi bali mwili. Siku moja kifuniko cha sufuria kilianguka, na kabla sijajua nilikuwa nimempiga Mama Asha kifuani, kwa mkono uleule aliouponya. Alinyanyuka, akakiokota kifuniko, akakiweka juani.

"Ukinipiga tena," akasema, "nitakupeleka kwenu, na nitakupenda ukiwa kwenu."

Nilikwenda mwenyewe kwa mama yangu wiki mbili. Niliporudi tuliondoa vyombo vyote vya bati tukaweka vya plastiki. Hayo ndiyo maisha baada ya ugonjwa huu, ukitaka kujua: kununua sufuria zenye vifuniko vizito, kuwafundisha watoto kufunga mlango kwa mikono miwili, na kumwambia mkeo unaogopa kabla hofu haijageuka ngumi.

Kuna jambo lingine daktari aliniambia ambalo watu wengi hawalijui. Ukiugua pepopunda ukapona, haimaanishi haikurudii. Lazima uchomwe sindano na kuzikamilisha. Kwa hiyo msimu wa kupulizia salfa kwenye mikorosho ulipoanza, niliwakusanya wachimbaji wenzangu wote, watu saba, pamoja na Rashidi, tukaenda zahanati. Hatukujua kwamba siku ile ilikuwa ya kliniki ya wajawazito. Benchi lote lilikuwa matumbo. Tukaketi katikati yao na mabuti yetu ya udongo.

"Mna miezi mingapi, baba zangu?" dada mmoja akauliza, na benchi zima likacheka.

Wenzangu wawili wakataka kuondoka. Rashidi akawazuia kwa mguu. Mimi nilikuwa wa kwanza. Nilichomwa, nikatoka nikisugua bega. Kisha akaingia yeye. Mlango ulikuwa wazi na sote tuliona. Muuguzi alikuwa mgeni, anaandika kwenye daftari, hajainua kichwa.

"Mkono gani nikuchome?" akauliza.

Rashidi alitazama upande wa kulia, akatazama upande wa kushoto, kama mtu anayechagua samaki sokoni.

"Dada," akasema, "chukua huu uliopo."